Mwongozo kamili wa mashine za kufyonza mate, maji na damu katika kliniki ya meno, kwa wanaofanya kazi Goma na Bukavu

Aspirateri, yaani mashine ya kufyonza, ya kliniki ya meno ikianza kuvuta kwa unyonge, lawama huangukia pampu. Fundi anaitwa, pampu inafunguliwa, pesa zinatoka, na baada ya siku mbili maji yanabaki mdomoni mwa mgonjwa kama zamani. Mara nyingi pampu haikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa kwenye ile njia ya mita chache kati ya mdomo na pampu: oringi (pete ya mpira ya kuzibia kiungo) iliyokauka, kichujio kilichojaa pamba, mpira uliotoboka chini ya fotei, kile kiti cha mgonjwa. Mwongozo huu unaifuata njia hiyo hatua kwa hatua.

Nguvu ya mvuto na wingi wa hewa

Jambo hili lisipoeleweka, mtu atanunua mashine isiyofaa na kuilaumu maisha yake yote. Ukiziba ncha ya mpira kwa kidole na kidole kikashikwa vizuri, umepima nguvu ya mvuto, basi. Hujapima ni lita ngapi za hewa zinapita kwa dakika wakati ncha iko wazi. Mashine moja inaweza kushika kidole kwa nguvu sana na bado ikashindwa kukamata ukungu wa maji unaorushwa na turbini, ile mashine ya kuchonga jino, kwa sababu ukungu hufuata hewa inayokimbia, haufuati namba ya kwenye geji.

Turbini hutoa maji ya kupoza jino yasiyopungua mililita 50 kwa dakika. Dakika kumi za kuchonga ni nusu lita, kabla hujahesabu mate na damu. Kiasi hicho kinahitaji ufyonzaji mkubwa, ule ambao viwango vya kimataifa vinauhesabu kuanzia lita 250 za hewa kwa dakika kwenye ncha. Aspirateri ndogo ya kubebwa, yenye chupa na kishikio, hutoa lita 20 hadi 40 kwa dakika. Mvuto wake ni mkali, hewa yake ni kidogo. Ni chombo kizuri cha kung'oa jino, kupasua jipu, au kumsaidia mgonjwa aliyezimia akatapika. Si chombo cha kuzuia ukungu wakati wa kuchonga jino au kukwangua ugaga kwa mashine ya mitetemo. Ukiwa na hiyo peke yake, kukwangua ugaga kufanywe kwa vyuma vya mkono.

Kanula, yaani mirija inayoingia mdomoni, nazo ni tatu, kila moja na kazi yake. Kamrija kembamba ka plastiki chenye waya ndani hukunjwa kama ndoano na kukaa mdomoni peke yake kikifyonza mate yanayojikusanya chini ya ulimi. Hutumika kwa mgonjwa mmoja na kutupwa. Kanula nene, yenye mdomo wa kama sentimita moja uliokatwa kimshazari, hushikwa na msaidizi na ndiyo inayokamata maji ya turbini. Kanula ya upasuaji ni ya chuma, nyembamba, na aina nyingine huwa na kitundu pembeni. Ukiziba kitundu hicho kwa kidole mvuto unaongezeka, ukikiachia unapungua.

Pampu ipi kwa mji wetu

Pampu ya pete ya maji hutumia maji kuziba nafasi ndani yake, na maji hayo hupita bila kukoma muda wote inapozunguka. Chukua hesabu ndogo ya lita moja kwa dakika: kwa saa sita za kazi ni lita 360, yaani bidoni 18 za lita 20. Kwa mtaa ambao bomba linakauka asubuhi na maji yanaletwa na vijana wa chukudu (baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo), pampu hiyo ni mzigo. Tena maji yakikatika pampu ikiwa inazunguka, inajisaga yenyewe. Kwa Goma tunashauri pampu kavu, hata kama bei yake ni kubwa zaidi.

Pampu kavu haipendi maji hata tone, kwa hiyo lazima iwe na chombo cha kutenganisha maji na hewa mbele yake. Chombo hicho kina boya. Maji yakipanda, boya linaziba njia na mvuto unakatika. Usiling'oe boya ili kazi iendelee. Limezima mashine kwa sababu maji yalikuwa yanaelekea kwenye mota.

Fotei nyingi za bei nafuu hazina pampu kabisa. Hutumia hewa ya kompresa: hewa inapita kwa kasi kwenye tundu jembamba na kuvuta mate nyuma yake. Ni rahisi, haina kinachozunguka, lakini inakula hewa. Kompresa ndogo ya lita 30 ikilisha turbini na aspirateri kwa pamoja, utasikia turbini ikipoteza mlio wake katikati ya jino. Dawa ni kompresa kubwa zaidi, au kuhamishia ufyonzaji kwenye pampu yake. Toa maji kwenye tangi la kompresa kila jioni, maana yakifika kwenye lile tundu jembamba yanalipaka kutu na matope.

Geji inaposoma kidogo kwa sababu ya urefu wa mji

Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Bukavu iko kwenye kimo hicho au zaidi. Pampu haivuti kwa uchawi. Inapunguza hewa ndani, na uzito wa hewa ya nje ndio unaosukuma maji kuingia. Pwani uzito huo ni 760 mmHg (milimita za zebaki). Kwetu ni kama 634. Kwa hiyo chukua namba iliyoandikwa kwenye kibandiko cha mashine, izidishe kwa 0.83, na hicho ndicho kiwango cha juu utakachokipata. Mashine iliyoandikwa 680 mmHg, yaani 0.09 MPa, itaishia karibu 560 hapa, ikiwa mpya na nzima. Kuna pampu zimerudishwa kwa muuzaji kwa sababu ya pengo hilo tu.

Kimo hicho hicho kinaharibu hesabu ya otoklevu, yaani chombo cha kutakasa vifaa kwa mvuke, na hili lina hatari zaidi kuliko geji ya aspirateri. Otoklevu ya kama sufuria, yenye geji ya mgandamizo tu, ikisoma psi 15 kwetu joto la ndani ni karibu nyuzi 118, si 121. Ili kufika 121 inahitaji psi 17.5 hivi, sawa na bar 1.2. Kama valvu ya usalama hairuhusu kufika huko, otoklevu hiyo haifai kwa kanula za chuma zenye tundu refu.

Kufunga mipira na mabomba

Kwa aspirateri ya chupa, kosa kubwa ni kugeuza mipira. Mfuniko wa chupa una vitundu viwili. Kimoja kinaenda kwa mgonjwa, kingine kwa pampu kupitia kichujio cha bakteria. Kilicho na boya chini yake ndicho cha pampu. Ukikosea, boya halilindi chochote na damu inapita moja kwa moja mpaka kwenye pistoni ya pampu. Kichujio nacho kina mshale au maandishi ya upande. Mshale uelekee pampu. Kikilowa au kikibadilika rangi, kitupwe, kwa kuwa kikishapata maji hakipitishi hewa tena, na kukianika juani hakukirudishii kazi yake.

Weka mililita 100 za maji safi chini ya chupa kabla ya kuanza, damu isigande kwenye plastiki. Ikifika robo tatu, simama uimwage.

Kwa mabomba ya sakafuni kutoka fotei hadi pampu, tumia PVC ya milimita 40 au 50, yenye mteremko wa sentimita moja kwa kila mita kuelekea kwenye pampu. Popote bomba linapogeuka usitumie kiwiko kimoja cha nyuzi 90. Weka viwili vya 45, maana kwenye kona kali ndipo pamba, vipande vya meno na damu hukaa na kuota. Mpira mnene usiwe mrefu kuliko unavyohitajika: kila mita ya ziada inakula hewa. Hewa inayotoka pampuni ipelekwe nje, mbali na dirisha na mahali wagonjwa wanaposubiri. Hewa hiyo imepita midomo ya watu wengi.

Kufyonza mdomoni

Daktari anayetumia mkono wa kulia hukaa upande wa kulia wa mgonjwa au nyuma ya kichwa. Msaidizi hukaa kushoto, kiti chake kikiwa juu kwa sentimita 10 hadi 15 ili aone ndani. Anashika kanula nene kwa mkono wa kulia, ama kama kalamu, ama kwa kiganja huku kidole gumba kikielekea kwenye ncha. Mshiko wa kiganja una nguvu zaidi unapotakiwa pia kusogeza shavu au ulimi.

Kanuni ya kuweka ncha ni moja na inatosha karibu kila mahali: upande wa jino ulio karibu na msaidizi. Meno ya kulia, ncha inakaa upande wa ulimi au kaakaa. Meno ya kushoto, inakaa upande wa shavu. Kwa meno ya mbele, daktari akichonga nyuma wewe fyonza mbele, na akichonga mbele wewe fyonza nyuma. Mkato wa mshazari ulale sambamba na ubavu wa jino, ukingo wake ulingane na uso wa kutafunia au upite kidogo tu. Umbali uwe kama sentimita moja. Ukisogea karibu zaidi unanyang'anya turbini maji ya kupoza na jino linaungua. Ukienda mbali, ukungu unakupita.

Weka kanula kwanza, ndipo daktari aingize turbini. Kinyume chake, daktari atakuwa amekwisha jaza mdomo maji kabla hujapata njia. Kanula nene ikitumika namna hii inapunguza kwa zaidi ya asilimia 90 kile kinachorushwa hewani kutoka mdomoni, na hakuna feni wala dirisha la wazi linaloifikia kazi hiyo.

Usiguse kaakaa laini wala mzizi wa ulimi, mgonjwa atatapika. Nyama ya shavu ikishikwa na ncha, usivute: zungusha kifundo cha mkono hewa iingie pembeni, au funga kilango, ile valvu ndogo ya kukata mvuto kwenye kishikio cha kanula. Kuvuta kunaacha alama nyeusi ya damu ambayo mgonjwa ataiona kesho kwenye kioo.

Wakati wa kung'oa, fyonza kando ya shimo la jino, si ndani yake. Ndani unaingia kwa muda mfupi tu daktari anapotaka kuona, na jino likishatoka na damu ikaanza kuganda, usirudi. Donge lile la damu ndilo kidonda chenyewe kinapoanzia kupona, na likifyonzwa mfupa unabaki wazi na maumivu makali yanaanza siku ya pili au ya tatu. Kipande cha mzizi au taji kikipotea, zima mashine, funga kilango, chunguza kichujio na chupa kabla ya mtu yeyote kuanza kazi nyingine. Kisipoonekana huko, mgonjwa apigwe picha ya kifua, kwani huenda kimeingia kwenye njia ya hewa.

Kwa aspirateri yenye geji ya kurekebisha, ukifyonza koo la mtu mzima weka kati ya 100 na 150 mmHg, mtoto 80 hadi 100.

Mate ya mgonjwa aliyetangulia

Hili halisemwi vya kutosha. Mgonjwa akifunga midomo kwenye kamrija ka mate ili ateme, ndani ya mdomo panakuwa na mvuto mkubwa kuliko kwenye mpira. Kilichokuwa kwenye mpira, pamoja na mate ya aliyemtangulia, kinaweza kurudi mdomoni mwake. Kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa kilitoa tahadhari kuhusu jambo hili tangu miaka ya 1990. Hali inazidi mpira unapokuwa umeinuliwa juu ya mdomo, au kanula nene na kamrija vinapovuta kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo usimwambie mgonjwa "funga mdomo uteme". Mwambie kabla ya kuanza: "Mama, usifunge midomo kwenye haka kamrija. Ukisikia mate yamejaa, inua mkono wa kushoto, nitayatoa." Wa kushoto, maana wa kulia utagonga mkono wa daktari. Mipira ishuke chini ya usawa wa kidevu. Na kati ya mgonjwa na mgonjwa, fyonza glasi moja ya maji safi kwenye kila mpira, ukiingiza na kutoa ncha ili maji na hewa vipokezane. Ule mchafuko wa mapovu ndio unaokwangua kuta. Maji yanayopita kimya hayasafishi.

Kusafisha jioni

Vaa glavu nene, miwani na barakoa kabla ya kufungua kichujio chochote.

1. Fyonza lita moja ya maji ya baridi kwa kila mpira. Maji ya moto yanapika damu na kuigandisha ukutani kama yai.
2. Andaa sabuni ya vimeng'enya isiyotoa povu, kwa kipimo cha kibandiko chake, lita mbili kwa fotei moja. Fyonza polepole, ncha ikiingia na kutoka majini. Sabuni ya unga au ya vyombo haifai: povu linainua boya, au linapita juu yake na kuingia pampuni.
3. Acha muda ulioandikwa, kisha suuza kwa lita moja tena, na uache mashine ivute hewa tupu kwa dakika mbili mipira ikauke.
4. Toa kichujio kilicho chini ya bakuli la kutemea, na kile cha kwenye kishikio cha mipira kama kipo. Usivigonge kwenye sinki.
5. Vua vilango vya kanula, vifungue na kuvifunga, ona kama vinakwama. Oringi zipakwe grisi ya silikoni kidogo sana. Vaselini inavimbisha mpira na wiki ijayo kilango hakitafunga.

Kanula za chuma zisuguliwe ndani kwa burashi ndefu ndani ya maji, kisha otoklevu. Tundu lisilopigwa burashi haliwi salama hata ukiliacha mvukeni usiku kucha.

Sasa javeli, yaani maji ya klorini. Katika mipira na mabomba ya fotei, javeli isiingie kabisa. Inakula chuma na mpira, na zaidi ya hapo, kama kliniki inaweka au inatoa amalgamu (mchanganyiko wa metali wa kuziba meno), klorini inayeyusha zebaki iliyo ndani yake na kuipeleka kwenye maji machafu. Karibu nusu ya uzito wa amalgamu ni zebaki. Goma imejengwa juu ya makoro, mawe ya volkano yaliyojaa nyufa, na maji yakishaingia kwenye shimo la choo hayana safari ndefu. Ziwa Kivu liko chini yetu, nasi tunalinywa. Vipande vya amalgamu kutoka kichujioni viwekwe kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana. Visichomwe, kwa sababu moto unageuza zebaki kuwa mvuke unaovutwa na anayechoma. Wala visipite otoklevu.

Chupa ya aspirateri ya kubebwa, isiyoguswa na amalgamu, ndiyo inayoweza kulowekwa klorini baada ya kumwagwa na kuoshwa: asilimia 0.5 kwa dakika kumi, kisha isuuzwe. Javeli ya digrii 8 (digrii za klorometri, si asilimia), kipimo kimoja kwa vinne vya maji. Ya digrii 12, kimoja kwa sita. Unga wa klorini wa asilimia 70, gramu 7 kwa lita.

Maji ya ziwa yakitumika kusuuza yana madini mengi, yakikauka yanaacha ukoko mweupe kwenye lile tundu jembamba la fotei za hewa na kwenye kiti cha boya. Kwa usuuzaji wa mwisho tumia ya mvua yaliyochujwa kama yapo.

Inapovuta kidogo

Siku mfumo umesafishwa vizuri, fyonza lita moja ya maji kwa kanula nene, hesabu sekunde, andika ukutani karibu na pampu. Rudia kila Jumatatu. Muda ukiongezeka kwa robo, anza kutafuta.

Angalia geji ya pampu kanula ikiwa wazi. Geji inasoma juu, lakini ncha ni dhaifu: kuna kitu kimeziba kati yao. Ziba sasa kanula zote. Geji haipandi: hewa inaingia mahali, au pampu imechoka. Kutofautisha hivyo viwili, chomoa bomba pampuni uzibe mdomo wake kwa kiganja. Ikipanda, pampu ni nzima, urudi nyuma kiungo kwa kiungo ukielekea fotei. Isipopanda, valvu au pete za pistoni zimekwisha. Ukiwa na wasiwasi na kiungo, kipake maji ya sabuni nje: yatanyonywa ndani pale penye ufa.

Mfuniko wa chupa uliokaa upande ndio unaoongoza kwa kuvujisha hewa kwenye aspirateri za kubebwa. Kwa fotei, ni oringi za vilango, halafu kichujio, halafu mpira uliotobolewa na gurudumu la kiti. Mpira uliotoboka ukatwe na kuunganishwa kwa kiungio. Plasta inashika siku moja.

Mota ikivuma bila kuzunguka, izime mara moja na upime umeme. Chini ya volti 198 usiiwashe, iwe ni wa SNEL (kampuni ya umeme ya taifa) au wa jenereta. Umeme ukiwa mzuri na bado inavuma, badili kondensa ya kuwashia kabla ya kuitangaza mota kuwa imekufa. Wanaotumia sola wakumbuke kwamba mota inapoanza huchukua mara tatu hadi sita ya umeme wake wa kawaida: pampu ya wati 200 ipewe inveta ya wati 1,200. Jenereta ya petroli nayo inapoteza kama asilimia 15 ya nguvu kwenye kimo chetu.

Kwenye droo karibu na fotei pawe na vichujio vitatu vya bakteria, seti mbili za oringi, mfuniko wa chupa wa akiba pamoja na boya lake, mita mbili za kila mpira, na kondensa moja. Oringi na viungio vya PVC vinapatikana kwenye maduka ya vifaa vya maji ya Birere au Kadutu, ukienda na cha zamani mkononi kulinganisha. Kichujio cha bakteria hakipatikani huko. Kiagize Kampala, Kigali au Nairobi wakati bado kimebaki kimoja, siyo siku kilipolowa.